Tulipoanza Kupimwa na Seva

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, nilipoanza kuchangia programu huria, kazi ya mgeni ilitegemea hisani. Mradi wetu ulihusu kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati, na mtunzaji wake mkuu aliishi Ulaya. Ukimtumia badiliko, alilipakua kwenye kompyuta yake, akalijenga, akalijaribu kwa mkono, ndipo akajibu. Aliowafahamu walijibiwa mapema. Sisi wa Dar es Salaam, ambao majina yetu hayakumwambia chochote, tulingoja wiki kadhaa. Sikumlaumu: programu inayotunza dozi za wagonjwa huikabidhi vipi kwa mtu usiyemjua?

Dawa ilikuwepo, ila kwa wenye uwezo. CruiseControl ilikuwa imetoka mwaka 2001. Hudson, kazi ya Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems, ilifuata 2005. Mwaka 2011, baada ya mvutano na Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun, wanajumuiya wake wakaiita Jenkins. Zote zilifanya jambo moja: kila badiliko likiingia, seva hulijenga pamoja na msimbo mzima, kisha huendesha majaribio yote. Lakini seva hiyo sharti mtu ailipie na kuiangalia usiku na mchana, na mradi wa kujitolea ulimtoa wapi mtu huyo?

Mwaka 2011 Travis CI ikaanza Berlin, ikawapa miradi huria huduma hiyo bure. Faili moja fupi la maelekezo likatosha. Nakumbuka badiliko langu la kurekebisha usomaji wa tarehe za kliniki: alama ya kijani, ya kwamba majaribio yote yamepita, ilitokea kabla mtunzaji hajalifungua. Alipolifungua hakuuliza mimi ni nani. Aliuliza kwa nini nimechagua njia ile. Tangu hapo tukajadili kazi, na ugeni wangu ukasahaulika.

Cha bure nacho kina mwenyewe. Mwishoni mwa 2020 Travis CI ilibana huduma hiyo, ikieleza kuwa kuna walioitumia kuchimba sarafu za kidijitali, na mwaka uliofuata travis-ci.org ikafungwa. Tukahamia GitHub Actions, iliyofunguliwa rasmi kwa wote Novemba 2019. Tuliandika upya maelekezo ya seva, lakini majaribio yenyewe tulihama nayo kama yalivyo. Ndani yake mlikuwa na kila hitilafu ambayo wauguzi waliwahi kuturipotia, kwa kuwa kila moja tuliigeuza jaribio ili isirudi kimyakimya. Hapo nilijua mali yetu ni ipi.

Alama ya kijani hudhamini kile tu ambacho mtu alikumbuka kukipima. Ndiyo maana kijana akiniuliza aanzie wapi kuchangia, humwambia aandike jaribio. Litamlinda mgonjwa asiyemjua, na litampa mgeni ajaye nafasi ya kupimwa kwa kazi yake.