Kidole Kilichotaka Kunigombanisha na Bibi wa Watu

Wenzangu, nusura nimbandike bibi wa watu jina la uchawi kwa ajili ya kidole gumba cha mguu!

Ilikuwa Jumamosi, hapa hapa Songea. Jioni nilikuwa kijiweni Mfaranyaki na washikaji, kitimoto mezani, bia zinashuka. Saa nane usiku nikashtuka, kidole kinawaka moto! Kimevimba, kinang'aa, hata shuka likigusa napiga yowe.

Asubuhi baba mdogo akaja, akakitazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, umetegewa. Umekanyaga kitu."

Nikamkumbuka bibi jirani, ambaye wiki ile nilimpiga jiwe kuku wake akafa. Bibi alipokuja kunipa pole, sikumpa hata shikamoo.

Basi bwana, hospitali nikapimwa damu. Daktari akacheka. "Hili ni jongo. Mchawi wako yuko kwenye sahani na glasi."

Akanieleza. Chembe za mwili zikichakaa, na vyakula kama nyama, maini na dagaa vikisagwa tumboni, hupatikana vitu viitwavyo purini. Mwili, hasa ini, huzigeuza kuwa asidi ya yuriki. Figo hutoa kama theluthi mbili kwa mkojo, iliyobaki hupitia utumbo. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja. Sisi tulikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Ikizidi kama miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, inaweza kuganda mithili ya sindano kwenye viungo, hasa kidole gumba, maana huko chini kuna ubaridi. Pombe ndiyo kasheshe: inaongeza asidi, halafu inazuia figo kuitoa.

"Na ulanzi je, dokta?"

"Pombe ni pombe."

Nikauliza, mbona washikaji tuliokula nao sahani moja ni wazima? Akasema figo hazilingani. Nyingine hurudisha asidi nyingi kwenye damu, na jambo hilo hurithiwa. Baba mdogo akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Marehemu babu yako naye alikuwa akichechemea hivyo hivyo."

Nilipopata nafuu nikaenda kwa bibi na kilo mbili za sukari. Nikamwamkia shikamoo ya nguvu, nikaomba radhi.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu. "Na kuku wangu je?"

Nimelipa.