Mtindo wa Mama, Kipimo Chako



Andiko la leo: 2 Timotheo 1:5-6.

Mwisho wa mwezi huu mimi na baba watoto tutafanya ibada ya shukrani kwa miaka 25 ya ndoa. Akina mama wengi mmeniuliza nitavaa nini siku hiyo. Nimeshona gauni mwenyewe, kwa mtindo wa lile alilovaa mama yangu siku ya arusi yake mwaka 1974.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, mbona usivae lile lenyewe?" Halipo. Mama hakulifungia sandukuni. Alilifua, akalipiga pasi, akaanza kuwaazima mabibi arusi wa kanisani ambao hawakuwa na pesa ya gauni. Huyu alipunguza kiuno, yule akaongeza pindo, hadi kitambaa kikachakaa kwa kubariki watu. Na mama mwenyewe alilala katika Bwana mwaka jana. Kilichobaki ni picha moja, nyeusi na nyeupe.

Kwenye picha unaona kola ya kusimama, mikono mirefu iliyojaa begani na kubana kwenye kifundo, na mkato wa kiuno uliopandishwa hadi chini ya kifua. Kutoka hapo sketi inashuka mpaka miguuni. Ndivyo maarusi wengi wa miaka ile walivyovaa.

Lakini picha inaonyesha mbele tu. Nyuma kuna zipu ama vifungo? Bitana ilishikizwa wapi? Hayo nililazimika kuyatafuta mwenyewe. Nilichora vipande kwenye magazeti ya zamani, nikakata kwanza shuka kuukuu, nikalipiga bandi kwa mkono na kulijaribu mwilini. Lilipokaa vizuri ndipo nilipogusa kitambaa chenyewe, na kila mshono niliupiga pasi kabla ya kushona unaofuata.

Jambo lililonisemesha zaidi ni kipimo. Futi ya kupimia haina upendeleo. Mama alikuwa msichana mwembamba siku ile. Mimi nimezaa watoto watatu. Ningekata kwa vipimo vyake, gauni lingependeza kwenye hanga na lisingepita mabegani mwangu. Mtindo niliupokea kwake, lakini kipimo kilikuwa lazima kiwe changu, tena cha leo.

Sasa nisikize, mpendwa.

Paulo anamwambia Timotheo kwamba imani ile ya kweli ilikaa kwanza kwa nyanya yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike, na kwamba ana hakika imo ndani yake pia. Ni urithi mzuri! Lakini angalia mstari wa sita. Baada tu ya kuwataja akina mama hao wawili, anamgeukia kijana na kumwambia aichochee yeye mwenyewe karama ya Mungu iliyo ndani yake. Loisi hawezi kumchochelea. Eunike hawezi kumchochelea. Moto ni wake.

Mkumbuke pia Daudi katika 1 Samweli 17. Sauli alimvika mavazi yake ya vita, chapeo ya shaba kichwani, upanga kiunoni. Yalikuwa mavazi ya mfalme, lakini Daudi hakuweza kwenda nayo. Aliyavua, akachukua fimbo yake na mawe matano. Hakukataa vita. Alikataa kupigana kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kanisani kwetu kuna watu wazima ambao bado wanaishi kwa maombi ya mama. Kazi ikiyumba, wanampigia mama simu, "Mama, tuombee." Mtoto akiugua, "Mama, funga na kuomba." Ni vizuri kuombewa. Lakini siku inakuja simu hiyo haitapokelewa. Mimi siku hiyo nimeiona. Mama aliamka saa kumi alfajiri kila siku kutaja majina yetu sote mbele za Mungu. Wiki ile tulipomzika, niliamka saa kumi, nyumba iko kimya, nikatambua kwamba saa hiyo hakuna anayetutaja. Nilipiga magoti, nikaanza na mtoto wa kwanza.

Imani ya mama wengi wetu tunaijua kwa mbele, kama ile picha. Tunakumbuka leso yake, wimbo wake, Biblia yake iliyopigwa mistari. Upande wa ndani, machozi yake na usiku wake, hatukuuona. Huwezi kuunakili. Ni lazima ushone wako.

Kwa hivyo wiki hii fanya mambo matatu. Kama mama au nyanya yako yuko hai, mpigie, lakini usimwombe akuombee. Muulize alimwaminije Mungu wakati karo ilikosekana, wakati mtoto alilazwa. Pili, jipime kwa ukweli: una magumu gani leo ambayo yeye hakuwa nayo? Mpelekee Mungu hayo, kwa maneno yako mwenyewe. Tatu, chagua saa yako. Si lazima iwe saa kumi. Wewe unayefanya kazi ya usiku, Mungu anaijua zamu yako.

Na kama hukuzaliwa na mama aliyeomba, usijidharau. Hata ukoo wa Loisi ulihitaji mtu wa kwanza kuamini. Huenda kwenu ni wewe.

Tuombe: Baba, asante kwa mama zetu waliotuonyesha njia. Tufundishe kusimama mbele zako kwa miguu yetu wenyewe. Ulichokianza kwao kisiishie kwetu, bali kiwafikie na watoto wetu. Katika jina la Yesu, Amina.