Habari Niliyoibeba Barazani

Ndugu msomaji, mimi si mwandishi wa habari. Ni mtazamaji tu wa televisheni baada ya sala ya Isha. Mapema mwaka 2003 niliambiwa, usiku baada ya usiku, kwamba Iraq imeficha silaha za maangamizi. Nikasadiki, nikaibeba habari hiyo hadi barazani. Mwezi Machi vita vikaanza, silaha hazikupatikana.

Tarehe 26 Mei 2004 gazeti la New York Times likakiri kuwa baadhi ya habari zake juu ya Iraq hazikuchunguzwa ipasavyo. Habari zilipamba ukurasa wa kwanza. Kukiri kukawekwa ukurasa wa 10.

Twawalaumu waandishi, na ni haki. Lakini wao walikiri, ijapokuwa pembeni. Mimi sijarudi barazani kusema nilikosea. Nawe je, ndugu yangu?