Dangirizi na Kipimo Chake

Katika majira ya baridi ya mwaka 1870 kuingia 1871, mwanamke mmoja alifika kwa fundi wa kushona mjini Reno, katika jimbo la Nevada huko Marekani, akataka mumewe ashonewe suruali. Mume alikuwa mkata miti. Mwili wake ulikuwa mkubwa, tena umevimba kwa maradhi, na madukani haikupatikana suruali ya kumwenea. Kwenda kwa fundi mwenyewe hakuweza. Yasemekana kwamba fundi alimwagiza yule mama arudi nyumbani, atwae uzi, ampime mumewe kiuno na urefu wa mguu, afunge fundo mahali kila kipimo kilipokoma, kisha amletee uzi huo. Mama akafanya hivyo. Akalipa dola 3 kabla kazi haijaanza, akaomba jambo moja tu: suruali iwe ngumu, maana mumewe alikuwa hodari wa kuzirarua.

Fundi huyo aliitwa Jacob Davis. Alizaliwa Riga mwaka 1831, akavuka bahari kama wengi wa zama zake, akajaribu kazi hii na ile bila ya kutajirika. Pale Reno alikuwa akishona mahema, vifuniko vya magari ya kukokotwa, na mablanketi ya farasi. Suruali ya mkata miti aliikata katika turubai jeupe. Alipokuwa akiimaliza aliziona mezani ribiti za shaba, zile alizozoea kuzigongomea kanda za mablanketi ya farasi, akapata wazo la kuzigonga katika pembe za mifuko, mahali ambapo mshono hufumuka kwanza. Ilikuwa akili ya mtu mwenye kazi nyingi na vifaa karibu na mkono. Katika miezi 18 iliyofuata alishona suruali za namna hiyo karibu 200, na majirani wakaanza kumwiga.

Davis hakuwa na fedha za kulinda uvumbuzi wake. Mwaka 1872 alimwandikia barua mfanya biashara wa San Francisco aliyekuwa akimwuzia vitambaa, Levi Strauss, mzaliwa wa Bavaria, akamtaka ushirika. Hati ya serikali ilitolewa tarehe 20 Mei 1873, na siku hiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa jinzi. Hesabu hiyo ni ya wanasheria. Mtu anayejali nguo kuliko hati atasema kwamba ilizaliwa siku uzi wenye mafundo ulipowekwa juu ya meza ya fundi. Tena ilizaliwa kwa ajili ya mwili ambao duka lilishindwa kuuvika.

Majina ya vazi hili ni ushahidi wa safari ndefu kuliko ya Davis. Jinzi ni jina lililotokana na Genoa, bandari ya Italia iliyokuwa ikitoa nguo nzito za mabaharia na makuli. Na denim, kwa kauli iliyoenea, limetokana na Nîmes katika Ufaransa. Kiswahili hakikulichukua neno lake katika miji hiyo. Dangirizi asili yake ni Dongri, sehemu ya mji uliokuwa ukiitwa Bombay na sasa Mumbai, ambako kilikuwa kikiuzwa kitambaa kizito cha watu wa kazi. Waingereza walilitwaa neno katika Bara Hindi, na kwa ndimi zao likafika pwani ya Afrika Mashariki. Neno lenye nasaba kama hii lingestahili kupendwa zaidi na wanafunzi wa lugha. Walakini vijana wengi husema jinzi, wakamwachia mtunga kamusi dangirizi.

Kitambaa chenyewe kina siri yake. Katika dangirizi nyuzi za mtande hutiwa nili, na nyuzi za mshindio huachwa nyeupe. Mfumo wake huenda mshazari, na kwa sababu hiyo upande wa nje huwa wa buluu na upande wa ndani mweupe. Nili nayo ni rangi yenye tabia ya pekee: hushika ngozi ya uzi, isiingie mpaka moyoni. Uzi ukisuguliwa, buluu hutoka na weupe huchungulia. Ndiyo maana suruali ya dangirizi haichakai sawasawa kama nyingine. Hupauka magotini kwa mwenye kupiga magoti, mfukoni kwa mwenye kubeba mkoba, mapajani kwa mwenye kukaa kitako kutwa. Huandika maisha ya mvaaji wake, na baada ya miaka miwili haiwezi kuwa ya mtu mwingine ila kwa kuazima. Rangi hiyo ilikuwa na machungu yake pia. Wakulima wa Bengal walilazimishwa kuipanda kwa mikopo isiyolipika, hata wakaasi mwaka 1859. Na nili ya viwandani ilipoanza kuuzwa na wakemia wa Ujerumani mwaka 1897, mashamba ya nili yakaanza kufa.

Kwa muda mrefu mnunuzi wa suruali hizi alikuwa na kazi ambayo wa leo hana. Kitambaa kilikuwa hakijarudishwa kiwandani. Kikifuliwa mara ya kwanza kiliweza kunywea karibu sehemu moja katika kumi. Basi mtu alinunua kubwa kuliko mwili wake, akaivaa, akaketi nayo katika pipa la maji, kisha akaiacha imkaukie mwilini. Jambo hilo lachekesha, lakini lilikuwa na hekima: nguo ilijifunza mwili. Sanford Cluett alipovumbua njia ya kukinywesha kitambaa kabla hakijashonwa, ikaenea katika miaka ya 1930, mnunuzi alipata amani na kipimo kilichoandikwa kikapata heshima. Tangu hapo mwili ukaanza kutakiwa kuifuata namba.

Msiba wa namba uliwaangukia wanawake zaidi. Suruali ya mwanamume hupimwa kwa inchi za kiuno na za mguu, na inchi, hata ikidanganya, hudanganya kidogo. Mwaka 1934 kampuni ya Levi Strauss ilitoa jinzi iliyokusudiwa wanawake. Katika miaka ya 1939 na 1940 idara ya kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate kanuni. Kazi ilikuwa kubwa, na kasoro yake ilikuwa kubwa vile vile: katika hesabu ya mwisho walihesabiwa wanawake weupe tu. Kanuni ya namba ilitangazwa mwaka 1958, ikafutwa mwaka 1983, na tangu hapo kila kiwanda kimeandika namba ipendayo. Wengine wameziteremsha ili mnunuzi ajione amekonda. Kwa hiyo mwanamke aweza kuwa na namba tatu katika maduka matatu ya barabara moja, asubuhi moja, na mwili ule ule. Linalosikitisha ni kwamba akiwa peke yake mbele ya kioo, suruali ikakataa kupanda, hailaumu suruali. Hujilaumu mwenyewe, makalio yake, uzazi wake, na chakula cha jana. Hata mkata miti wa Reno, pamoja na maradhi yake, hakutwishwa lawama hiyo.

Mwenye kuchagua, basi, na aisahau namba kwa kitambo, aanze na msamba. Sehemu ya kutoka kiunoni mpaka msambani, mbele na nyuma, ndiyo roho ya suruali, kwa sababu fundi hawezi kuiongeza. Kiuno hupunguzwa, pindo hufupishwa, mguu hubanwa. Lakini kina kikiwa kifupi hakuna dawa. Makalio yafuatwe na kitambaa bila ya kubinywa. Mikunjo ikitawanyika msambani kama sharubu za paka, mapaja yamenyimwa nafasi; mkanda ukiachia tundu mgongoni, suruali ilikatwa kwa mwili usio na mzingo, na wanawake wengi wa Kiafrika huijua adha hiyo. Mtu na aketi, achutame, apande ngazi moja. Kusimama wima mbele ya kioo hakuthibitishi kitu, kwa kuwa hakuna aishiye akiwa wima mbele ya kioo. Dangirizi ya pamba tupu na ibane kidogo mwanzoni, maana italegea. Ile yenye nyuzi za kunyumbuka, zilizovumbuliwa mwaka 1958, hustahimili kosa la mshonaji kwa siku chache, kisha hulegea isirudi. Na ile iliyopaushwa kiwandani ionekane imezeeka kabla ya kuvaliwa, ni vyema ikumbukwe ilivyopaushwa. Nchini Uturuki vijana walipuliza mchanga juu ya suruali hizo mpaka vumbi likawajaa mapafuni, wakafa wengi. Serikali ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Bei ya kuvaa uzee wa uongo ililipwa na watu wasiouona uzee wa kweli.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya ugomvi na suruali. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya nguo fupi, mawigi na suruali za kubana, na vita hivyo vikaanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Waliobishana walizungumza juu ya heshima na utamaduni. Juu ya namna suruali inavyokaa mwilini walizungumza kidogo. Siku hizi dangirizi huja katika marobota ya mitumba, na mashina yake ni masoko kama Gikomba ya Nairobi. Namba zimefutika, au ni za nchi tatu zisizopatana. Mnunuzi haulizi namba. Huutwaa mkanda wa suruali, akauzungushia shingoni. Ncha zake zikikutana kisogoni, kiuno kimepatikana. Kisha huipeleka kwa fundi aketiye na cherehani yake barazani.

Huko huja pia wake wa madereva na wa waashi, kwa kuwa waume zao wako kazini na hawawezi kufika. Hawaji na uzi. Huleta suruali kuukuu ya mume, iliyopauka magotini, wakaitandaza juu ya ile mpya. Fundi huipima hiyo kuukuu kwa utepe wake, kiuno, paja na mguu, akaitia chaki mpya, akauliza kama mzee ameongezeka tangu ile ya kwanza.