Siku 45 za Kujibu

Ninawatetea walalamikaji katika tume za walaji hapa India. Wengi ni watu wa kipato cha kawaida: mjane aliyenyimwa fidia ya bima, mwalimu aliyelipia nyumba isiyojengwa. Kinachowamaliza ni mashauri kuahirishwa.

Zamani kampuni ilipokea wito, ikakaa kimya miezi, kisha ikaleta wakili mpya kuomba muda wa kuandika majibu. Sheria ya walaji ya 1986 iliipa siku 30, na tume iliweza kuongeza 15 tu. Lakini maamuzi ya Mahakama ya Juu yalipingana: mmoja ulishikilia kwamba muda huo haupindiki, mwingine ukaruhusu huruma. Machi 2020 jopo la majaji 5, katika shauri la New India Assurance dhidi ya Hilli Multipurpose Cold Storage, lilimaliza ubishi: zikipita siku 45, tume haina mamlaka ya kupokea majibu. Hesabu huanza mlalamikiwa anapopokea wito pamoja na nakala ya malalamiko. Kwa hiyo nahakikisha nakala imeambatanishwa, na risiti ya posta naitunza kama hati ya shamba.

Sheria ya 2019 ilibakiza muda huo, ikamruhusu mlaji kushtaki katika wilaya anakoishi. Kampuni inayotaka kukata rufaa kwenye tume ya jimbo lazima kwanza iweke nusu ya fedha ilizoamriwa kulipa.

Kazi ngumu ni kukaza hukumu. Kifungu cha 72 cha sheria hiyo kinaweka adhabu ya jinai kwa asiyetii amri: kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 3, au faini isiyopungua rupia 25,000, au vyote viwili. Aliyeadhibiwa ana siku 30 za kukata rufaa, kwa hoja za sheria na za ushahidi. Haki hiyo naiheshimu kabisa, kwani uhuru wa mtu ni jambo zito. Ninachokilalamikia ni tume kusitasita kukitumia kifungu hicho wakati mjane anasubiri.

Madaktari wanawajibika chini ya sheria za walaji tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1995. Sisi mawakili, Mei 2024 Mahakama ya Juu ilitutoa, ikisema mteja ndiye anayetuongoza kazini. Sikubaliani. Yule mjane atawezaje kuniongoza kwenye kifungu ambacho hajawahi kukisikia?