Fundi wa Msamvu

Pikipiki yetu ya kwenda vigangoni Uluguru, tuliyoiongezea taa mbili kubwa, ilizimika taa zote usiku, mteremkoni, tukiwa tumempakia katekista. Nyaya tulizifunga wenyewe, kwa kuona aibu kuuliza.

Fundi umeme wa Msamvu, jirani na stendi, alizifumua zote. Taa za nyongeza tulikuwa tumeziunga kwenye waya mwembamba wa swichi, bila fyuzi, nao ukaungua. Akazipa waya mnene wa peke yake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi, pamoja na rilei. Waya wa hasi akaufunga kwenye fremu baada ya kukwangua rangi.

Akauliza ni nani aliyefunga zile za mwanzo. Tukajibu, "Fundi mmoja tu." Jumamosi tutarudi kumwambia ukweli.