Maji ya Chai: Si kila jino la kahawia limeoza

Ukitoka Arusha mjini kwenda Moshi, ukishapita Tengeru na Usa River, konda anaita: "Maji ya Chai, wa kushuka!" Wenyeji wanasema jina limetokana na mto wenye maji ya rangi ya chai. Juu yake umesimama Mlima Meru, ambao miamba yake ya volkano hutia floridi nyingi kwenye maji. Ndiyo maana wengi waliokulia hapa wana meno ya kahawia.

Niliketi kwa mama muuza maandazi. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amelala mgongoni, chupa ya chai ya maziwa mdomoni. Alipoamka na kulia, niliona meno yake ya mbele yameliwa karibu na fizi.

"Huku ni maji, dada," mama alisema. "Hata mimi niko hivi. Mswaki utasaidia nini?" Akacheka. Meno yake yalikuwa ya kahawia, lakini mazima.

Hapo ndipo tunapochanganya mambo mawili. Floridi nyingi huathiri rangi ya jino linapojengeka ndani ya fizi, hasa meno ya ukubwani. Kuoza ni jambo jingine: bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hula jino. Mtoto akilala na chupa yenye sukari, mate hupungua na sukari hukaa menoni kwa saa nyingi.

Kwa hiyo mswaki unasaidia, popote unapoishi. Anza jino la kwanza linapoota. Mpigie mtoto mswaki mara mbili kwa siku, ya mwisho kabla ya kulala. Chini ya miaka 3, weka dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere, na mfundishe kutema. Mara kwa mara inua mdomo wake wa juu: mistari myeupe karibu na fizi ni dalili ya mwanzo, na bado inaweza kuzuiwa. Ukiiona, au ukiona tundu, mpeleke kwa daktari wa meno.

Kwa wakazi wa maeneo kama haya, kuchemsha maji hakuondoi floridi. Mtafutie mtoto maji ya kunywa kutoka chanzo chenye floridi kidogo.

Nilipoaga, mama aliitazama ile chupa. "Kumnyima usiku atalia," alisema. Nikamwambia aanze kwa kupunguza sukari, kisha aweke maji matupu. Akaimwaga chai iliyobaki, akaisuuza chupa.